Ruhusa ya Rabi Zundel

Tangu Wayahudi wa mji wafungiwe geto, mtaa uliozungushiwa uzio, wivu ulikuwa ukimla Rabi Zundel. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa mambo ya sheria ya dini: kuku huyu analika, sufuria hii imeharamika? Sasa alikaa kwenye dirisha la chumba cha chini, akihesabu viatu vinavyopita kwenda kwa Rabi Getsl, kijana wa juzi, hata ndevu hazijamjaa.

"Wa tisa huyo," alimwambia mkewe. "Tangu asubuhi!"

"Na wewe nani kakutuma kuhesabu miguu ya watu?" alisema Freidl. "Kunywa supu yako."

"Supu gani? Maji yaliyooshewa kiazi."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Basya, mshona nguo, macho yamemvimba. Zundel alivaa koti upesi, mgeni asije akabadili mawazo.

"Rabi, Wajerumani wanakuja kuchukua watoto. Kuna mwanamke wa shambani, Ona, atakuwa kwenye uzio saa kumi. Yuko tayari kumficha mwanangu Hinde. Lakini anasema atambatiza, amlee Kikristo. Nimpe?"

"Umeshamwuliza mwingine?"

Basya aliinama. "Rabi Getsl. Amekataza."

Desturi yao ni kwamba rabi mmoja akishakataza, mwenzake haruhusu. Zundel aliijua fika, lakini moyo ulimruka kwa furaha. Getsl kaogopa! Wote wanamfuata, na akimruhusu huyu, kesho mama wote watawatoa watoto wao. Basi leo geto litajua nani rabi.

"Na huku kwangu, nani kakuambia uje?"

"Yeye mwenyewe. Alilia, Rabi. Akasema, 'Sina ubavu wa kuruhusu jambo hili. Nenda kwa Zundel. Ananionea kijicho, nikisema hapana, yeye atasema ndiyo.'"

Uso ulimwaka moto. Kumbe kijana anajua! Akisema ndiyo, kijicho chake kimethibitika. Akisema hapana, atatoka msafi, na Hinde atapakiwa kwenye lori. Kwa kitambo alitaka kabisa kusema hapana.

"Zundel," alisema Freidl, kijiko mkononi. "Saa tisa na nusu imepita."

"Mpe," alisema Zundel. "Na wakimfundisha ishara ya msalaba, aipige vizuri, wasije wakamshuku."

"Na dhambi yake?"

"Nibebeshe mimi. Kimbia, mama!"

Basya alitoka mbio, mlango akauacha wazi. Freidl alikwenda kuufunga, na aliporudi alimkuta mumewe amejifunika uso kwa mikono.

"Umemwokoa mtoto," alimwambia. "Mbona hivi tena?"

"Getsl alipoulizwa, alilia, Freidl," alisema Zundel. "Mimi nilifurahi."