Haki ya Kukosea

Harufu ya waya unaoungua ilinipata nikiwa kwenye kola ya ishirini. Nikaondoa mguu kwenye cherehani, nikanusa tena. Ipo.

Hospitali walinifundisha: kabla hujaiamini pua yako, uliza na ya mwenzako. Miaka miwili iliyopita niliamini kwamba feni ya chumbani inaniita kwa jina, nikalazwa wiki nne. Tangu hapo, nikiwa na shaka, huuliza watu watatu. Nikamuuliza dada wa pasi. Nikamuuliza wa vifungo. Hakuna harufu. Wa tatu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, aliyenitafutia kazi hii na kuwahadithia wote habari za feni kabla sijavuka mlango.

"Wifi, unasikia harufu?"

"Nasikia aibu," akasema. "Kaa chini. Usinivue nguo mbele za watu."

Watatu, hapana tatu. Kwa kanuni yangu mwenyewe nilipaswa kukaa. Lakini tulikuwa wanawake thelathini, mlango mmoja, na vitambaa vimerundikwa hadi dari. Nikaenda ukutani nikazima swichi kuu.

Cherehani zote zikanyamaza.

"Antena imenasa stesheni!" mtu akapaza sauti, chumba kizima kikaangua kicheko. Antena ndilo jina langu humu ndani.

Msimamizi wetu, tunayemwita Mama Saa, akamwita fundi umeme. Fundi alifungua soketi moja moja, akapapasa nyaya, akapanda darini akashuka na utando wa buibui kichwani. Saa nzima iliteketea, na sare zile zilitakiwa jioni hiyohiyo.

"Hakuna kitu," akasema. "Nyaya nzima kabisa."

Mama Saa hakufoka. Afadhali angefoka. "Nenda nyumbani, mwanangu. Urudi na barua ya daktari kwamba akili imetulia. Bila barua, hakuna cherehani."

Wifi alikwishaanza kunikusanyia mkasi na futi kamba, harakaharaka kama anayefunga vitu vya marehemu.

"Acha hivyo, wifi." Nikamgeukia msimamizi. "Mama, mwezi uliopita ulitupekua mikoba sote, ukaapa tumeiba mashati arobaini. Uliyakuta wapi?"

"Chini ya meza yake," akajibu dada wa pasi, kisha akajiziba mdomo.

"Tulikudai barua? Tulisema mama kapitiwa, yakaisha. Nawe fundi, timu yako inachukua kombe mwaka huu?"

"Mwaka huu lazima!" akasema kabla hajafikiri.

"Mwaka wa kumi na moja huu unaapa, na hakuna aliyekupeleka hospitali."

Wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi.

"Mkikosea nyinyi, mmekosea. Nikikosea mimi, nimerukwa na akili. Kwa nini? Leo nimekosea, mama. Pua imenidanganya na kazi nimeichelewesha. Nitashona bila kwenda kula, nitabaki hadi kola ya mwisho. Lakini barua sileti. Nikiumwa nitakwenda mwenyewe, njia ya hospitali naijua kuliko nyinyi nyote. Leo siumwi."

Mama Saa akanisogelea. "Na kesho ukisikia tena harufu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, ambao ungemridhisha kila mtu.

"Nitauliza watatu," nikasema. "Nisiporidhika, nitazima."

"Jamani, huyu!" wifi akaguna. "Mama, msamehe, hajui anachosema."

"Najua kila neno."

Mama Saa akageukia ukuta. "Fundi, washa umeme. Na wewe wa pasi, umefunga duka? Rudi kazini."

Hakusema nikae. Hakusema niondoke. Nikavuta kiti nikakaa, nikapanga kola mbele yangu. Wifi alikuwa bado amesimama nyuma yangu, vitu vyangu mikononi. Nilinyoosha mkono bila kumtazama, nikauacha hewani, sikuushusha, hadi mkasi ulipotua kiganjani.