Maji ya Kusuuzia

Mama Povu alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko kwenye beseni la mashuka Bwana Afya alipoingia uani bila hata hodi.

"Haya mapipa," alisema, akiyagonga kwa kalamu. "Nimeletewa malalamiko."

Mapipa yalikuwa yamejipanga ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Tangu manispaa ilipofunga bomba la mtaa, eti limechakaa na fungu la kulitengeneza halipo, Mama Povu hakumwaga maji ovyo. Maji ya kusuuzia nguo za leo ndiyo ya kufulia za kesho. Yakishakuwa meusi yanaoshea sakafu, halafu choo. Maji masafi aliyanunua kwa mwenye mkokoteni, ambaye bei yake ilitegemea ameamkia upande gani.

"Bwana Afya, huo ndio mtaji wangu."

"Mtaji unaonuka?"

"Hata mimi nikitoka kazini nanuka, na mwanangu bado hajanimwaga."

Wanawake waliokuwa wakianika wakaangua kicheko. Bwana Afya naye mdomo ulimcheza, ila akaurudisha mahali pake. "Mama, sheria ni sheria. Humo mbu wanazaliana. Jioni napita tena, nikikuta tone moja ni faini. Na ada ya ukaguzi uiandae."

"Kwani huo ukaguzi nani kauagiza?"

Macho yake yaliteleza upande wa pili wa ua, kwenye chumba cha Babu Soli, fundi viatu. Babu Soli alikuwa ameinama juu ya kiatu, misumari imemjaa mdomoni, na mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuulizwa kitu. Mama Povu akaelewa. Akaikamua ile shuka mpaka ikalia.

Sasa, Babu Soli na Mama Povu walikuwa na mazoea yao. Zamani manispaa ilikuwa na chekechea jirani. Ikafungwa, na jengo likawa ofisi ya ushuru. Mpaka leo ukienda kulipa unamkuta karani ameketi chini ya ukuta wenye bata na maua waliyochora watoto. Tangu hapo kina mama wengi wa mtaa ule, wakitoka, huwafungia watoto ndani kwa kufuli. Si jambo la kusifu. Lakini mtoto akiachwa nje kuna barabara, kuna mtaro, kuna watu usiowajua mioyo yao. Mama Povu naye alimfungia bintiye, Kibanio. Jina hilo alipewa na majirani, maana akikushika kakushika, habanduki. Chumba chao kilipakana na cha Babu Soli, katikati ukuta wa mbao tu. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari wa mlango wa Babu Soli, na mtoto akilia, mzee hufungua, humpa vipande vya ngozi achezee.

Siku hiyo Mama Povu aliubeba mzigo wa mashuka ya nyumba ya wageni, akamlaza Kibanio, akafunga kufuli. Alipofika kwenye msumari akasita. Babu Soli akautoa msumari mmoja mdomoni.

"Weka basi, mwanangu."

"Aka. Mchongezi hanilindii mtoto."

Akaufunga ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akaenda zake.

Mzazi mwenzangu, hapo pashike vizuri. Hasira ni yako, ondoka nayo. Ufunguo uache.

Nyumba ya wageni ilitazamana na mzunguko mpya wa barabara. Katikati ya mzunguko manispaa ilikuwa imejenga bwawa la marumaru, lenye mabomba ya kurusha maji juu na taa za kila rangi. Watu waliliita Maji Yanacheza. Jioni ile lilikuwa linazinduliwa, wageni wakubwa wanakuja, ndiyo maana hata mashuka ya siku hiyo yalitakiwa mapema. Mama Povu aliukabidhi mzigo mlangoni, akageuka, akakuta gari la zimamoto limeegeshwa kando ya bwawa, mpira wake mnene umelalia ukingo, unamwaga maji ndani.

"Kuna nini, bwawa linaungua?" alimuuliza mlinzi wa pale.

Mlinzi, mtu mzima mwenye koti la kuazima, akacheka. "Mabomba yake hayana nguvu, mama. Wamejenga mkao wa maji, maji wamesahau. Gari limeagizwa lijaze."

"Na moto ukitokea?"

"Leo moto umeambiwa usubiri, kuna sherehe."

Mama Povu akacheka mpaka akajishika kiuno. Alikuwa bado na tabasamu hilo mdomoni askari mmoja wa zimamoto alipopokea simu, akapiga kelele, wenzake wakauvuta mpira mbiombio. King'ora kikalia. Watu walisogea pembeni, wengine wakapunga mikono. Mama Povu naye akasogea, akasema kwa moyo wa huruma, "Mungu awasaidie waliopatwa."

Gari likakata kona ya mtaa wake.

Akainua macho, akauona moshi.

Namna alivyokimbia hakuikumbuka baadaye. Kandambili moja iliokotwa kesho yake karibu na ofisi ya ushuru, nyingine haikuonekana kabisa. Alichokumbuka ni kidude kidogo cha chuma kikimgonga paja kila hatua. Ufunguo. Ufunguo uko hapa, mtoto yuko kule.

Alipofika, gari lilikuwa limesimama langoni, taa zinazunguka. Askari kijana aliushika mpira kwa mikono miwili, na mpira ukakohoa, ukatema tone, ukanyamaza.

"Yameisha," kijana alisema, machozi yakimlenga. "Mama, tulikuwa kule kwenye..."

"Najua mlikokuwa!" Akampita.

Uani kulikuwa na mstari wa watu kutoka kwenye mapipa hadi kwenye vyumba. Wanawake wa kamba za nguo, mwenye mkokoteni, hata wapita njia, wanapokezana mabeseni, masufuria, ndoo, madumu yaliyokatwa. Maji yaliyokuwa yakipita mkononi hadi mkononi yalikuwa ya kijivu, yananuka sabuni ya jana na juzi. Chumba cha Babu Soli kilikuwa kimekwisha, kimebaki kiunzi kinachofuka. Ukuta wa mbao ulikuwa mweusi, umelowa, umesimama. Mlango wa chumba chake mwenyewe ulikuwa umelala chini. Kufuli lilikuwa bado limefungwa vizuri, linaning'inia kwenye komeo lililong'olewa na ubao wake.

Hakukuwa na mtoto kitandani.

"Kibanio! Kibanio wangu jamani!"

"Huyu hapa," sauti ikatoka chini ya kamba za nguo.

Babu Soli alikuwa ameketi ardhini, mikono yake yote miwili imezama kwenye beseni la maji ya kusuuzia, yale ya mwisho. Shingoni mwake alining'inia Kibanio, mweusi kwa masizi, amemkumbatia kama nguo iliyobanwa kwenye kamba. Mama Povu alimvuta, hakubanduka. Basi naye akapiga magoti, akawakumbatia wote wawili.

Mama Pacha, jirani wa chumba cha mwisho, ndiye aliyemsimulia, maana mzee alikuwa bado anaugulia mikono. Kwamba Babu Soli alikuwa akipasha chuma kwenye jiko la mkaa ili aunganishe soli, kiwiko kikagonga mkebe wa gundi, gundi ikamwagikia motoni. Watu walikuja na maji, yeye akapiga kelele, "Kwangu tupeni mchanga, gundi haitaki maji! Maji mmwagie ukuta wa mtoto!" Kwa mazoea akakimbilia kwenye msumari, akaukuta mtupu. Akachukua nyundo, akaupiga mlango mpaka ukaanguka, moto ukimlamba mikono kutoka upande wa chumba chake.

"Bila yale maji yako yanayonuka," alimaliza Mama Pacha, "tungekuwa tunasema mengine sasa hivi. Sina hamu ya kuyataja."

Babu Soli akainua uso. "Mwanangu, gundi niliimwaga mimi."

"Nimesikia, babu."

"Na Bwana Afya nilimwita mimi. Mbu walikuwa wananimaliza."

"Najua."

"Na ufunguo?"

Mama Povu akalifungua pindo. Mzee akautazama ule ufunguo kitambo, akatikisa kichwa. "Basi tumekosana sawa sawa. Hakuna wa kumdai mwenzake."

Zahanati ya manispaa siku hizo ilikuwa ikifunga mchana. Kijana wa zimamoto alisema gari lao halina maji lakini lina viti, akampakia mzee, wakamtafutia mganga wa hospitali ya mbali, wakamrudisha na dawa ya kupaka. Bandeji hospitalini zilikuwa zimekwisha, eti mje nazo wenyewe. Mama Povu akaitwaa shuka moja ya nyumba ya wageni iliyobaki kwenye kamba, nyeupe, safi, akaichana vipande virefu. Alijua atailipa. Hajawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile.

Jua likitua, Bwana Afya alirudi kama alivyoahidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mapipa, akachungulia.

"Makavu kabisa! Safi sana, mama. Wananchi wote wangekuwa wasikivu kama wewe, mji huu ungependeza." Akanusa. "Lakini mmechoma taka? Kuchoma taka nako ni kosa."

Akageuka, akaona kiunzi, akaona mlango chini, akamwona mzee mwenye mikono iliyofungwa shuka. Kalamu ikateremka. "Poleni," alisema kwa sauti ndogo. Halafu, kama mtu anayevutwa na kamba isiyoonekana, akachana risiti ya ada ya ukaguzi, akaiweka juu ya kifuniko cha pipa. "Nisamehe, mama. Na mimi naulizwa hesabu ofisini."

Tangu mchana Mama Povu alikuwa akishukuru bila kupumzika. Alimshukuru Mungu, Mama Pacha, mwenye mkokoteni, wapita njia asiowajua majina, hata kijana wa zimamoto aliyelia. Mbele ya Bwana Afya alitafuta shukrani nyingine, akakuta zimeisha. Akaichukua ndoo.

"Mama Povu, wapi?"

"Kufuata maji yetu."

Wakaenda wengi, na ndoo, na mabeseni, mkokoteni ukiwa mbele. Wageni wakubwa walikuwa wamekwisha kata utepe na kuondoka. Maji Yanacheza yalikuwa yakicheza peke yake, mekundu, ya bluu, ya kijani. Mlinzi mwenye koti la kuazima akainuka.

"Nyie, nyie! Haya ni maji ya serikali!"

"Ndiyo, baba," alisema Mama Povu, bila ugomvi. "Zimamoto waliyaleta huku, kumbe mwenye moto ni mimi."

Mlinzi akaitazama nguo ya Mama Povu iliyojaa masizi, akaitazama miguu yake mitupu. Akaziangalia taa kama mtu anayezikagua. "Mimi macho yangu jioni hayaoni vizuri," alisema, akawapa mgongo.

Walijaza pipa la kwanza, la pili, la tatu. Mama Povu akayafunika kwa vifuniko, akavibana kwa mawe, mbu wasipate pa kupita. Kisha akaiokota nyundo ya Babu Soli kwenye majivu. Mlango wa mzee haukuwepo tena, kwa hiyo alikwenda kwenye fremu ya mlango wake mwenyewe, msumari vidoleni.

"Hapo ni chini," alisema Babu Soli kutoka mkekani, Kibanio amelala ubavuni pake. "Mtoto ataufikia. Juu kidogo. Hapo, hapo, mtu mzima yeyote anafika."

Akaupigilia, akauning'iniza ufunguo mbele ya ua mzima.