Nusu ya Msitu wa Namituli

Zuhura alikuwa ameinama chini ya mkorosho, akinyofoa korosho kwenye mabibo, harufu ya moshi ilipomfikia. Akainuka. Hakuna jirani aliyekuwa ametangaza kwamba anachoma shamba, na kwa jua lilivyokuwa likiwaka asubuhi ile, mtu mwenye akili zake asingethubutu. Alipoona upande moshi ulikotokea, akaangusha korosho alizoshika.

"Hemedi," alisema peke yake. "Hemedi, umefanya nini?"

Hemedi alikuwa mdogo wake wa mwisho. Shamba lake jipya lilipakana na msitu wa Namituli, kipande cha mwitu kilichobaki kati ya bonde la Ruvuma na kitongoji chao. Msitu ule ulikuwa wa ukoo wa mama yao. Kwao ardhi hufuata upande wa mama, na tangu mama alipofariki, neno la mwisho lilikuwa la Zuhura, binti mkubwa. Zamani mwitu ulishuka mteremko wote hadi kwenye majaruba ya mpunga. Kisha wakaja wachoma mkaa, wakaja watu wa ufuta, wenye korosho nao wakapanua mashamba, na kila ukoo ukafyeka cha kwake. Kikabaki Namituli tu, na katikati yake chemchemi iliyonywesha kitongoji kizima.

Walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo kabla ya mfungo, mbele ya ndugu wote. Hemedi alitaka kufyeka mpaka ukingoni mwa msitu, apande ufuta.

"Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni kila asubuhi," Zuhura alimwambia. "Tulikuwa tunaokota korosho nguo zimelowa umande. Leo umande uko wapi? Maua ya mikorosho yanaungua kabla hayajashika. Unadhani ni bure?"

"Dada, mvua inatoka baharini. Haitoki kwenye vichaka vyako."

Telma, bibi shamba wa kata, alikuwa ameitwa awasikilize. Ni binti wa familia iliyovuka kutoka Msumbiji enzi za vita, na alizungumza polepole, akimtazama kila mtu usoni.

"Wote mna kipande cha ukweli," alisema. "Bahari inaleta unyevu, ndiyo. Lakini miti nayo inanyonya maji chini na kuyarudisha hewani, ndiyo maana palikuwa na umande. Ardhi ikiwa tupu inapata joto kama kikaango, hewa inapaa, upepo unaanza mapema na unakuja kwa fujo. Nitasema kweli: Namituli peke yake haileti mvua ya Mtwara nzima. Ila mteremko wote ulivyofyekwa, mmeona wenyewe. Na kila mmoja akisema changu ni kidogo, tutakwisha hivyohivyo."

Hemedi alinyamaza, wakadhani amekubali. Kumbe alikwenda akafyeka. Zuhura alipokwenda kumkabili, alikuta miti imeshalala, akamwapisha jambo moja: asichome mpaka mvua ya kwanza iloweshe ardhi. Hemedi aliapa.

Sasa Zuhura alikuwa anakimbia, khanga imefungwa kiunoni, panga mkononi. Alimkuta Hemedi anatoka kwenye moshi mbio, shati limeungua begani, mkono mmoja umebabuka.

"Moto umenishinda, dada!"

"Uliniapia!"

"Mvua imegoma kuja! Nimechoma asubuhi mapema, hewa ilikuwa imetulia kabisa. Nilijua nitamaliza kabla upepo wa baharini haujaanza. Mara kisulisuli hicho kikainuka katikati ya shamba, kikabeba moto, kikautupa kule!"

Alinyoosha mkono. Ukingo wa msitu ulikuwa unawaka.

Zuhura hakuamini macho yake. Utotoni mwao watu walichoma mashamba kila mwaka, na moto ulipofika Namituli ulikuwa unakufa wenyewe, kwa sababu majani ya chini yalikuwa mabichi, yameloa, hata kiberiti hayashiki. Mama yao alikuwa akiuita msitu ule ukuta. Lakini sasa mashamba matupu yalikuwa yameuzunguka kila upande, na jua na upepo vilikuwa vimeukausha kuanzia pembeni kuingia ndani, msimu baada ya msimu. Majani yalilia kama karatasi. Moto haukufa. Ulikuwa unatembea.

Na nyuma ya msitu kulikuwa na nyumba.

Watu walikuwa wamekwishakusanyika kwenye njia ya chemchemi, inayoukata msitu katikati. Wanawake walikuwa na ndoo, wanaume mapanga na matawi mabichi. Silvio, jirani yao, ambaye nyumba yake ya makuti ilikuwa ya kwanza upande ule, alimfuata Zuhura moja kwa moja.

"Mama Mwanaidi, tusipoteze muda. Tuwashe kutoka upande wa nyumba. Tuuchome msitu wote, moto ukutane na moto, uishe."

"Hapana."

"Nina watoto nyumbani!"

"Na chemchemi iko humu, Baba Elton. Ukiichoma, watoto watakunywa nini? Tupanue hii njia. Tufyeke pande zote mbili, tukwangue majani mpaka udongo uonekane. Moto ukifika hapa ukose cha kula."

"Upepo ukituwahi?"

Zuhura alikwishageukia njia. Aliinua panga akakata mti wa kwanza mwenyewe, mche mwembamba uliokuwa umeinamia njia, na watu walipoona hivyo wakaanza nao. Palisikika mapanga, vikohozi, na mtu akiita mwanawe arudi nyuma. Hemedi alifyeka kwa mkono mmoja, ule wa pili ameukunja kifuani. Mkewe Riziki alikuwa akikwangua majani kwa jembe, machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua kama ni ya moshi.

Upepo ukaja. Walijua umekuja kwa sababu moshi uliokuwa unapaa juu uliinama ghafla, ukawafunika. Sauti ya moto ikabadilika. Ilikuwa ikipasuapasua kama kuni jikoni, sasa ilivuma.

Zuhura alitazama njia. Walikuwa wamepanua nusu yake tu. Upande wa chini, kuelekea chemchemi, matawi bado yalikuwa yamekutana juu kama paa. Moto ungepita hapo kama mtu anayepita mlangoni.

"Haitoshi," Silvio alisema, karibu anong'one. "Mama Mwanaidi, haitoshi. Sema neno."

Wote walikuwa wanamtazama. Hemedi pia, na katika macho yake Zuhura aliona woga wa mtoto aliyevunja kitu kisichoungika. Alitamani kumpiga. Alitamani pia mama yao awe hai, amwondolee mzigo huu wa kusema.

"Nani ana kiberiti?"

Hemedi alitoa kiberiti mfukoni. Zuhura alikipokea bila kumtazama.

"Sikilizeni. Hatuuchomi wote. Tunaupa moto nusu ile, upande wa bahari unakotokea. Tunawasha hapahapa njiani, uende ukakutane na mwenzake. Cheche yoyote ikiruka kuja huku, mtu aiue. Wenye ndoo simameni chini, pale kwenye matawi. Baba Elton, wewe nenda na wenye ndoo."

Alipiga magoti, akachoma majani. Yalishika upesi mno, kana kwamba yalikuwa yakimngoja. Akasogea, akawasha tena, na tena, akiifuata njia, na nyuma yake wengine wakawasha kwa vijinga. Mwanzoni moto wao ulisitasita, ndimi zikawageukia, joto likawasukuma nyuma. Riziki akapiga kelele. Cheche zikaruka juu ya njia, watu wakazikimbilia na matawi, wakizipiga kama nyoka.

Kisha moto mkubwa ukakaribia, ukaanza kuvuta hewa. Zuhura aliihisi khanga yake ikivutwa mbele. Ndimi walizoziwasha zikainamia ule upande wa pili, zikaondoka mbio kuelekea kwenye ngurumo. Mioto miwili ilipokutana, mwali ulipanda kupita mti mrefu kuliko yote, ukasimama hivyo, ukaanguka.

Hakuna aliyeshangilia. Mchana wote walizima visiki vinavyofuka na kumwaga maji. Nyumba zilipona, mikorosho upande wa kitongoji ikapona, na nusu ya Namituli ikabaki imesimama, majani yamejikunja kwa joto. Nusu ya pili ilikuwa jivu.

Mwenyekiti wa kitongoji alifika akauliza moto umetoka wapi. Watu wakatazama chini. Zuhura akasema, "Umetoka shambani kwa ndugu yangu Hemedi. Aliapa hatachoma, akachoma. Nusu nyingine nimechoma mimi." Hemedi aliitikia kwa kichwa, hakujitetea.

Ndugu hao wawili hawakuzungumza kwa majuma kadhaa. Riziki ndiye aliyekuwa akipeleka salamu, akizipunguza makali njiani. Maji ya chemchemi yalipungua, wanawake wakawa wanapanga foleni, na kila ndoo iliyojaa polepole ilimrudishia Zuhura hasira upya.

Mvua ilichelewa. Siku moja waliiona ikinyesha Msimbati, pazia jeusi juu ya bahari, ikasogea, kisha ikapasuka vipande juu ya mashamba matupu na kupotea. Zuhura alikuwa amesimama ukingoni mwa jivu akitazama. Hemedi alikuja akasimama kando yake, mkono bado una kitambaa.

"Sipandi ufuta huku," alisema. "Wala kwenye kipande nilichofyeka karibu na msitu. Nimekagua visiki, dada. Vingi viko hai, vinachipua."

Zuhura aliinama akagusa kisiki kilicho karibu. Kichipukizi kilikuwa laini, chekundu, hakijafika urefu wa kidole.

"Mbuzi watakula."

"Nitaweka uzio wa miiba."

"Itachukua miaka mingi, Hemedi. Wewe huna subira hata ya kungoja mvua."

Hemedi alikwenda akachukua panga, akaanza kukata miiba, akitumia mkono wake mzima. Zuhura alimwacha afanye peke yake kitambo kirefu. Jua lilipozidi, akajifunga khanga kiunoni, akaenda kumshikia matawi.