Laini Zitakazohama

Kazi ya Vasudha pale mjini Pune ilikuwa kuikadiria kesho: kampuni yao ya simu itakuwa na wateja wangapi mwaka ujao, na mwaka utakaofuata. Miaka yote mchoro wake ulipanda. Ndipo kampuni mpya ikatangaza kwamba inakuja na mtandao wa kizazi cha nne, na kupiga simu kutakuwa bure.

Alizikokotoa takwimu upya, kila mara kwa njia nyingine, jibu likakataa kubadilika. Kabla ya masika mengine, zaidi ya nusu ya wateja watakuwa wamehama.

Bwana Phadke, mkuu wake, alisoma akavua miwani.

"Wewe mama una mdomo wa bundi! Nani ataitupa namba aliyoizoea?"

"Haitupi, mzee. Siku hizi mtu anahama na namba yake."

"Basi punguza kidogo. Wakurugenzi nao wana mioyo."

"Nikipunguza nitakuwa nimewadanganya."

Phadke akayapeleka makadirio jinsi yalivyo. Vasudha alitarajia watajenga minara mipya, washushe bei, wapigane. Wakurugenzi walimwamini kabisa, na kwa kuwa walimwamini, wakaona kupigana ni hasara. Wakaamua kubana matumizi na kutafuta mnunuzi. Cha kwanza kufungwa kilikuwa kituo cha kupokea simu za wateja kule Hadapsar. Msimamizi wake alikuwa Madhav, mumewe.

Vasudha alipata habari mapema. Alikatazwa kuzitoa nje ya ofisi, naye hakuzitoa.

Madhav alirudi nyumbani jua la utosi, akaketi na viatu miguuni.

"Wametutoa wote. Huyo mshindani hata mtambo hajawasha! Simu zinamiminika, hatupati hata nafasi ya kumeza mate. Nani kawaambia wateja wataisha?"

"Mimi."

Madhav alicheka kidogo. Kisha akamtazama.

"Ulijua tutafungwa?"

"Nilijua."

"Jana nimekaa hapa hapa, nikamwambia yule binti Sunanda, kibarua wetu, kwenye simu kwamba ataajiriwa moja kwa moja. Ulinisikia. Ukanipakulia dengu." Akainuka. "Vasudha, ukanipakulia dengu."

Hakumpiga wala hakumtukana. Mwisho wa juma alikwenda Satara kwa mama yake, kupumzika kidogo, alisema.

Mshindani alipofungua milango, wateja walikimbia kwa wingi kuliko hata Vasudha alivyokadiria. Kampuni ikauzwa, na wanunuzi walikuwa na wakadiriaji wao. Siku yake ya mwisho kazini, Phadke alimsindikiza hadi langoni.

Madhav alikuwa ameacha kupokea simu zake. Siku moja Vasudha alinunua laini ya ile kampuni mpya, akampigia nayo. Akapokea.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Ni mimi."

Nyuma ya Madhav redio ilikuwa ikiimba.

"Mama amelala," Madhav akasema. "Nitakupigia."

Hakupiga.