Salamu za Jumamosi

…na sasa ndipo wanabisha hodi, leo, arobaini imekwisha kupita, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa ileile ya jumuiya, kana kwamba mlango huu ulichongwa jana, "Hodi humu! Tumsifu Yesu Kristo!", na ulimi wa Beno ukainuka wenyewe kuitikia milele amina, miaka kumi na mitano hajakanyaga kanisani ila kwa harusi na misiba na bado ulimi una adabu zake, akaubana kwa meno, akabaki amesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, miguu mitupu juu ya saruji, mkono kwenye komeo, akisikiliza. Ilikuwa sauti ya Celina, mwenyekiti wa jumuiya, sauti ya mwanamke aliyeuza vitenge Kariakoo miaka thelathini bila kipaza sauti, na nyuma yake mtu akikohoa kikohozi cha kuomba radhi, huyo ni Candida, katibu, hatembei bila daftari la mahudhurio kwapani… wawili, basi, leo wamepatikana wawili, na siku ya kumzika mkewe, Victoria, hakupatikana hata mmoja. Huko nje wachukuzi walikuwa wameshaanza kutelemsha marobota, "Pisha mgongo! Mgongo huo!", na uani Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba, alikuwa akikaanga maandazi, mafuta yanalia, naye kanyamaza, na Bi Mwanamkuu akinyamaza ujue anasikiliza.

Alikwisha kuwaandalia maneno. Siku arobaini alikuwa akiyapanga kama alivyopanga mihadhara yake ya chuoni, hoja, ushahidi, hitimisho. Hoja, kwamba mwanamke aliyesali nanyi miaka ishirini na sita, aliyewashonea majoho ya kwaya yenu usiku na mchana, alilala kitandani mwaka mmoja na miezi kumi mitaa miwili kutoka kwenu. Ushahidi, daftari lenu wenyewe, lile alilolifunua katekista mbele ya shemeji zake Beno, kidole kikishuka mstari kwa mstari, hayupo, hayupo, hayupo, bila taarifa, bila taarifa, "sheria ya parokia mnaijua, asiyeshiriki jumuiya hasomewi misa ya maziko, mimi natumwa tu". Na hitimisho maneno mawili, mlikuwa wapi. Mwili ukatoka chumba cha maiti ukaenda makaburini moja kwa moja, kanisa wakalipita kwa gari kama unavyopita duka lililofungwa, na kule shemeji yake mkubwa akasoma katika kitabu cha sala cha marehemu, akifunua kurasa huku na huku maana hakujua sala za maziko ziko wapi, akaangukia sala ya wasafiri, akaisoma hiyo hiyo. Majembe walishika vijana wa mtaa, wengi wao Waislamu wenye kofia za vito, na Abdulkadiri, mtoto wa Bi Mwanamkuu, akamsogelea kwa haya akamnong'oneza, Mwalimu, samahani, kwenu kichwa kinaelekea wapi?, na yeye Beno, aliyefundisha sosholojia ya dini miaka ishirini na miwili, aliyeweza kukueleza maziko ya watu wa visiwa ambavyo hakuwahi kuviona, hakujua. Akaonyesha upande wowote. Mpaka leo hajui kama mkewe amelala sawasawa.

"Mwalimu, tunajua umo, kandambili zako hizi hapa," alisema Celina, "hatukuja kugombana."

Hawakuja kugombana… Dini, alikuwa akiwaambia wanafunzi kila Oktoba, ni namna ya jamii kujifunga pamoja isisambaratike, na kila Oktoba hakukosekana mmoja wa kuinua mkono, kwa hiyo Mwalimu, Mungu yupo au hayupo?, naye akajibu hilo si swali la idara hii, wakacheka. Siku moja akamsimulia Victoria, naye yuko kwenye cherehani, uzi mdomoni, akautoa uzi akasema, Mungu hahitaji nimfuate mpaka uani kwa Celina saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mie naenda ili siku nikikosekana niulizwe. Akaurudisha uzi mdomoni. Beno aliipenda sana kauli ile, mwaka uliofuata akaitoa darasani, mtu mmoja aliwahi kusema, akasema, mtu mmoja… hakumtaja. Basi ndiyo hiyo, alikosekana, na aliyemwuliza ni nani? Mwaka na miezi kumi! Watu waliokula mkate wake na kunywa chai yake, waliomwita dada, hata kuchungulia dirishani, hata kumtuma mtoto…

"Padre amekubali," Celina alikuwa akisema, sauti imeshuka kidogo, "misa ya kumwombea marehemu, Jumapili ijayo, misa ya kwanza, jina lake litatajwa altareni, na makaburini atakwenda mwenyewe kubariki. Tumemlilia Padre, Mwalimu, usidhani hatukumlilia. Ila anataka kitu kimoja."

"Jina," alisema Candida.

"Jina la mtu katika jumuiya aliyepewa taarifa kwamba dada anaumwa. Kama taarifa ilitolewa, kosa ni letu, limekwisha. Utaje tu, Candida aandike."

Jina. Jumamosi ya kwanza baada ya kiharusi, ubavu wa kushoto umekufa lakini mdomo mzima, Victoria alimwambia, nenda kanisemee, waambie naumwa, waambie nafasi yangu ipo, na yeye akaoga, akavaa shati la kola, akaenda, alikwenda kweli, hilo Mungu kama yupo ni shahidi, alifika mpaka kona ya nyumba waliyokuwa wakisali siku ile, akawasikia wanaimba, na mguu ukakataa. Alijua kitakachotokea, Celina atageuza shingo mbele ya wote aseme, ee, Mwalimu wetu leo kapotea njia?, na watacheka kile kicheko cha watu wa nyumbani, na itabidi apige magoti katikati yao, mtu mzima, na vitabu vyake vyote. Akageuka. Akaketi kwenye benchi la muuza kahawa, akanywa vikombe vitatu na kashata, saa nzima, akarudi. Wamesemaje?, Victoria akauliza kabla hajavua viatu. Wanakusalimu, akasema. Neno moja tu lile, na nusu ya uso iliyokuwa hai ikacheka, mara ya kwanza tangu hospitali, na nani angeliweza kulirudisha neno lile?

Basi kila Jumamosi akaoga, akavaa shati la kola, akaenda kwa muuza kahawa, na pale benchini akazitunga salamu kwa uangalifu wa mtu anayeandika tasnifu. Kila mtu alimpa sauti yake. Candida anasema amekuwekea nafasi kwenye mkeka, hapakaliwi na mtu. Celina anasema kwaya imeoza bila sauti yako. Na Mzee Ignasi, mpiga kinanda, aliyekuwa mwenyekiti kabla ya Celina, huyo ndiye aliyemtendea haki kuliko wote, maana Victoria alimpenda kama baba, huyo alimtungia mizaha, Mzee Ignasi anasema upone haraka, tangu uumwe hakuna wa kumwambia akikosea noti. Alipouliza zamu yetu ya kusaliwa hapa nyumbani lini?, alimjibu, wanasema wasikuchoshe, mpaka upate nguvu. Wanasema… Alimfungia mlango kwa kauli yao, na wao hawakujua kwamba wamesema.

Lakini walijua anaumwa! Hawawezi kusema hawakujua, Kariakoo hapa mtu akinunua kitanda kipya mtaa unajua, walijua na walikaa wakisubiri taarifa kama karani anavyosubiri muhuri, na hilo ni lao, hilo hawezi kuwabebea. Hatia yake ni nyingine. Yake aliihesabu usiku wa kwanza wa msiba na akaiona, akaikubali, kwamba alimdanganya mkewe, ndiyo, lakini kwa uongo ule Victoria alikufa akijua anaombewa, alikufa yumo ndani ya watu wake, nafasi yake ipo mkekani, na kama dini ina kazi yoyote hapa duniani basi kazi yake ndiyo hiyo, na ikiwa wenyewe walishindwa kuifanya, yeye asiyeamini aliifanya kwa niaba yao, Jumamosi tisini na tatu, bila kukosa hata moja. Hilo lilimshika asianguke. Siku arobaini hakukuwa na kingine cha kumshika ila hilo.

"Sikiliza, Mwalimu," na sasa Celina alikuwa ameusogelea mlango, pumzi yake inasikika kwenye mbao, "si lazima utaje aliye hai ukamtia matatani. Sema ulimwambia Mzee Ignasi."

"Mama Celina!" alisema Candida.

"We nyamaza, uandike. Mzee Ignasi katutoka Kwaresima ya mwaka jana, wamemzika kwao Songea, nani atamkanusha? Na yeye mwenyewe asingekataa, alimpenda yule dada. Sema ndiyo tu, Mwalimu, tumsomee mtu misa yake."

Kwaresima ya mwaka jana… Beno aliirudia kichwani polepole, kama anayesoma tarehe kwenye jiwe. Kwaresima ya mwaka jana, na yeye Pasaka alileta salamu za Mzee Ignasi, na Pentekoste, na Krismasi Mzee Ignasi alisema mwakani lazima tuimbe pamoja, mwaka mzima alikuwa akimsemea maiti, akimpa mizaha, na asingeweza kujua, maana msiba wa Ignasi ulitangazwa jumuiyani na yeye hakuwako jumuiyani. Kisha akajituliza, mtu wa kupima mambo, hakuna kilichoharibika, Victoria hakutoka chumbani, nani angemwambia, hakujua, alikufa hajui…

"Ignasi huyo huyo mpiga kinanda?" Ilikuwa sauti ya Bi Mwanamkuu, ukimya umemshinda. "Nyie mna uso mkavu, wallahi! Ati taarifa! Mtaa huu mpaka wasukuma mikokoteni wanajua Victoria kapooza, nyie mwataka barua? Hata msiba wa huyo mzee wenu hamkuja kumpa habari. Mie ndo niliyempa, mie, Mwislamu wa watu!"

"Bi Mwanamkuu, sisi hatuna ugomvi na wewe, mama yangu…"

"Mie ninao! N'lidhani mshamwambia, nikamwingilia na pole yangu mkononi, kumbe hana habari! Akalia kutwa nzima, mumewe kaenda chuo kusimamia mitihani. Jioni kanshika mkono kwa ule mkono wake mzima, kanambia, Bi Mwanamkuu, usimwambie mwalimu kama najua. Nikamwuliza, kwa nini, shoga yangu? Kanambia, we mwache, ndo kusali kwake kule. Sikumwelewa. Wagonjwa wana maneno yao. Nikanyamaza mpaka leo."

Mafuta yakaendelea kulia. Mchukuzi mmoja akapita dirishani akiomba njia… ile jioni ya mitihani Beno alirudi akamkuta Victoria macho yamevimba, na akamwuliza, akamjibu ni vumbi la ghala la jirani, na yeye akafunga dirisha, akaridhika, akakaa kitandani akamsimulia mitihani! Na Jumamosi iliyofuata akamletea salamu, Mzee Ignasi anasema hivi na hivi, naye akamtazama kitambo kirefu, akauliza, kasema hivyo leo?, Beno akajibu, leo, naye akasema, basi kasema vizuri, na akageukia ukutani. Tangu siku ile hakuuliza tena zamu ya kusaliwa nyumbani. Hakuuliza Candida, hakuuliza Celina, kila Jumamosi aliuliza mmoja tu, na Mzee Ignasi anasemaje?, na akisimuliwa anacheka mpaka anakohoa, na Beno alifikiri ni ufundi wake, alikuwa anakwenda benchini kwa shauku, alijiona mtunzi… kumbe Victoria alikuwa akimwuliza habari za maiti, na kumsikiliza, kila juma, mwaka mzima, na kumshukuru. Alijua hakuna nafasi mkekani. Alijua hakuna aliyesema asichoshwe. Alilala pale ubavu mmoja akijua kwamba watu wake hawajamwuliza na kwamba mumewe hajawahi kufika, peke yake, hana hata uongo wa kumfunika, na akijifanya amefunikwa ili nani asione baridi? Na hakumwambia! Angeweza kumwambia, Beno, najua, nenda leo kwa kweli, na angekwenda, pengine angekwenda, kwa nini hakumpa hata nafasi hiyo, wa kwao walimsaliti kwa daftari, yeye alimsaliti kwa kahawa, na yeye Victoria je, kumwacha mtu mwaka mzima anahudumia kitanda ambacho hamna mtu ndani yake, hilo nalo linaitwaje… ndo kusali kwake kule. Hapana. Usimpe mtu heshima hiyo, Victoria. Mumeo alikuwa anaogopa kuchekwa.

"Mwalimu?" alisema Celina, taratibu, kama wamwitavyo mgonjwa. "Usimsikilize Bi Mwanamkuu. Niandike ndiyo?"

Na mlikuwa wapi, ile hoja aliyoinoa siku arobaini, alipoitafuta mdomoni alikuta imegeuka ncha, bado ni yao, lakini kabla haijawafikia inapita kwake. Ndiyo moja tu, jina la mtu aliyekufa, na Jumapili Victoria atasomewa, watamwagia maji ya baraka kaburini hata kama kichwa kimeelekea kusiko, na itakuwa salamu moja zaidi iliyotungwa, na hata hii angeipokea, angeipokea na kusema kasema vizuri. Na akisema hapana, niandike mimi, Candida, sikumwambia mtu, alinituma mara tisini na tatu na sikufika hata mara moja, basi huenda hakuna misa, Celina atasikitika, mtaa utasikia kabla maandazi hayajaiva, na wataanza kumcheka au, lililo baya zaidi, kumhurumia. Alisimama, mkono palepale kwenye komeo, hajalivuta. Kalamu ya Candida ilisikika ikifunguliwa. Akaanza kuyapanga maneno, machache, ya wazi, kwa mpangilio, na akagundua kwamba kwa mara ya kwanza hakuwa akiyatunga.