Trekta Lisilopenda Asubuhi

Wako watu wasioamka mpaka wamwagiwe maji, na ziko mashine za tabia hiyo hiyo. Trekta la Bwana Alwi wa Pate lilikuwa mojawapo. Lilikuwa dogo, la dizeli, lenye silinda moja pana kama sufuria ya pilau, na betri halikuwa nayo. Kuliwasha kulikuwa na adabu zake. Obeid, dereva, aliviringisha kipande cha karatasi iliyolowekwa maji ya shura, ile chumvi ya baruti, ikakaushwa, akakitia moto kikafuka bila kuwaka, akakipachika katika tundu la kichwa cha injini na kukaza kizibo. Kisha alilegeza pumzi iliyobanwa ndani ya silinda kwa kishikio kidogo cha pembeni, ili pistoni isimgombeze, akazungusha hendeli mpaka gurudumu zito likashika kasi. Hapo alirudisha kishikio. Karatasi ikiwa bado hai na dizeli ikiwa imefika, injini ilipiga "tu!", ikasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, ikapiga tena, ikaendelea.

Kwa sababu ya kufukizwa huko watu wa Pate waliliita Bibi Harusi.

"Hatoki ndani bila udi," alisema Famau, aliyekuwa mkubwa wa watu wa jembe na ambaye hakulipenda trekta hata chembe. "Punda wangu mimi namwambia ndoo, naye yuwaya."

"Punda wako anakuja kwa kuwa amekuona ndugu yake," alijibu Obeid.

Walitaniana hivyo kila walipoonana, na hakuna aliyenuna.

Obeid alikuwa mtu wa Amu, kisiwa jirani, aliyejifunza kazi katika shamba la mkonge upande wa Kilifi. Gumba lake la kulia lilikuwa limepinda. Hendeli ilimrukia siku yake ya kwanza kazini, na msimamizi, badala ya kumpa pole, alimwambia, "Sasa umejua gumba linakaa upande gani." Tangu siku hiyo alishika hendeli kwa vidole vyote upande mmoja, na mambo mengine aliyofundishwa kwa njia ya namna hiyo aliyashika vilevile. Jioni kazi ikiisha, injini ikiwa ingali moto, alifungua chujio la dizeli akalisafisha. Alimwaga vumbi la chujio la hewa, akatazama oili, akapaka grisi. Hakuruka siku.

Kisha kikaingia kipupwe. Kusi lilivuma usiku kucha, watu wakaenda msikitini alfajiri wamejifunika mashuka, na Bibi Harusi akakataa kuamka. Obeid alizungusha mpaka fulana ikamganda mgongoni. Karatasi ilifuka, gurudumu likaenda mbio, kishikio kikarudi, na injini ikatoa pumzi moja baridi ikanyamaza. Adhuhuri, jua likiwa kali, ilishika kwa mzunguko wa kwanza kama isiyojua lolote. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu.

Jambo jingine lilikuwa la kuchekesha. Ilipokuwa ikifanya kazi mchana, moshi wake ulinukia vitumbua. Vibarua waliokuwa wakiokota mizizi nyuma ya plau walilalamika kwamba wanatiwa njaa bure.

"Njaa mmekuja nayo kutoka kwenu," Obeid aliwaambia. "Msiisingizie mashine."

Lakini trekta la mchana tu halikumfaa Bwana Alwi. Alikuwa ameahidi kuwalimia majirani kabla ya mvua za vuli, nao walikuwa wameanza kumrudia Famau na majembe yake. Alwi hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Obeid barazani, akamwambia taratibu:

"Ijumaa Nahodha Jamaludin yuwaingia na maji ya asubuhi. Bibi Harusi akiamka kabla maji hayajatoka, atakaa. Asipoamka, napakia, namrudisha Amu kwa aliyeniuzia. Na dereva wa trekta lisilokuwapo, Obeid, sijui nimpe kazi gani."

Kungoja adhuhuri hakukuwezekana. Maji yakitoka Pate, chombo hubaki juu ya matope, na Jamaludin hakuwa tayari kulala matopeni kwa ajili ya trekta.

Obeid alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Tima, aliyekuwa mzaliwa wa Pate.

"Nikirudi Kilifi mkongeni, utakuja?"

"Nitakuandikia barua," alisema Tima. "Mimi mama yangu simwachi, nawe ulijua hilo kabla hujaleta posa."

Basi Alhamisi jioni Obeid alifanya yote aliyoyajua. Alimwaga oili ingali moto akaiweka katika debe, ili asubuhi aipashe jikoni na kuirudisha ikiwa nyepesi. Alitayarisha karatasi mpya. Alifungua chujio la dizeli kwa mara ya pili siku hiyo. Dizeli ilikuwa safi, unaona kitako cha bakuli.

Alfajiri ya Ijumaa, debe la oili lilikuwa juu ya mafiga na Tima alikuwa akilitazama lisichemke. Pembeni ya moto alikuwa ameweka chupa yake ya mafuta ya nywele, ambayo kwa baridi ile yalikuwa yameganda yakawa meupe.

"Chujio umelitazama?" aliuliza.

"Nalitazama kila jioni. Halina kitu."

"Jioni ni mzima. Wewe wamtazama mgonjwa akishapona, kisha wasema hana ugonjwa."

Obeid aliitazama ile chupa iliyoganda. Alichukua spana na kandili akatoka.

Trekta lilikaa ubavuni mwa nyumba ya Bwana Alwi, hatua chache tu kutoka kwa Obeid. Alifungua bakuli la chujio. Dizeli haikumwagika. Bakuli lilikuwa limejaa kitu cheupe, kizito, kama samli ya asubuhi. Alifungua mrija wa kwenda kwenye pampu, nao ulikuwa umeziba kwa weupe ule ule. Alichota kidogo kwa kidole, kikayeyuka. Alikinusa. Chini ya harufu ya dizeli palikuwa na harufu nyingine, tamu, ya maua ya kilua.

Pate nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyetengeneza mafuta ya nazi kwa kilua namna ile, mpaka maarusi wa Siyu wakaagiza kwake. Naye alikuwa Bi Mwanamkisi, mama yake Bwana Alwi. Pipa la dizeli ya trekta lilikaa ukumbini kwake, katika nyumba ile ile.

Obeid alielewa yote akiwa amechuchumaa pale pale. Wakati wa vita vikuu, mafuta ya taa yalipoadimika, wanawake wa visiwani waliongezea mafuta ya nazi ili taa zisizime, na Bi Mwanamkisi hakuwahi kuacha mwendo ule. Alikuwa ameona pipa linapungua, akamhurumia mwanawe, akalijaza mafuta yake ya nazi. Mafuta ya nazi ni mazito kuliko dizeli, yakakaa chini, na bomba la pipa lilikuwa chini. Mchana yaliyeyuka yakaungua na kunukia vitumbua. Usiku yaliganda. Na jioni, wakati dereva mwenye bidii alipofungua chujio, yalikuwa majimaji, hayatofautiani na dizeli.

Hakuwa na nafasi ya kucheka. Wanaume walikuwa wanatoka msikitini, na Jamaludin alikwishafika na mabaharia wake, wamebeba mbao za kupandishia trekta.

"Tima! Mai ya moto! Na oili!"

Alisuuza bakuli, akamwagia mrija maji ya moto mpaka ukazibuka, akafunga chujio akalifunika kwa gunia lililolowa maji ya moto. Alijaza rejeta maji ya moto. Oili ilirudi ndani ya injini ikiwa na mvuke. Alifungua skrubu ya pampu, akapampu kwa mkono mpaka mapovu ya hewa yakaisha na mafuta yakatoka mfululizo.

"Wamuosha au wamuwasha?" aliuliza Famau, na watu wakacheka.

"Bibi harusi haogi?" alisema Obeid bila kugeuka.

Bwana Alwi alisimama akivuta tasbihi. Obeid alipachika karatasi iliyokuwa ikifuka, akalegeza pumzi, akashika hendeli, gumba upande wake. Alizungusha. Gurudumu likashika kasi, akarudisha kishikio.

Tu!

Kimya. Mmoja wa mabaharia aliinama kuokota ubao.

Tu! Tu! Tu-tu-tu-tu.

Moshi ulitoka, mweupe kwanza, ukawazunguka wote ukinukia vitumbua. Bwana Alwi aliusubiri upite. Kisha akaja karibu, kwa kuwa sauti ilikuwa kubwa.

"Alikuwa na nini?"

"Baridi, Bwana."

Alwi alitazama gunia chini. Kando yake palikuwa na tonge la ule weupe, ambalo Obeid hakupata nafasi ya kulificha. Aliliokota akalisugua kati ya vidole, akalipeleka puani. Obeid aliangalia chini. Famau naye alisogeza pua.

"Baridi gani hii inukayo ki—" alianza Famau.

"Baridi," alisema Bwana Alwi.

Famau, pamoja na ulimi wake, alikuwa amelelewa. Alifunga mdomo.

Dirisha la juu likafunguka kidogo.

"Alwi! Imewaka?"

"Imewaka, mama."

"Si nalisema! Mafuta yangu hayajapata kumwangusha mtu! Mwambie Obeid pipa nimemjazia tena yana usiku!"

Mabaharia walitazama bahari. Bwana Alwi alimtazama Obeid, na Obeid akainua uso kuelekea dirishani.

"Mola akulipe kheri, Bi! Amewaka kwa mafuta yako. Ila sasa ameshiba, hana haja tena!"

"Haya, akiona njaa niambiwe!"

Dirisha likafungwa. Bwana Alwi alitia tonge lile katika leso yake, akamgeukia nahodha.

"Jamaludin, chukua mbao zako uende na maji. Na wewe Obeid, pipa lile lahamia kwako yeo. Yeo hivi, kabla ya sala ya Ijumaa."

Pipa lilihamia. Mafuta yaliyokuwa chini yake Obeid aliyatoa kwa bomba, na yaliyobaki aliyachuja kwa kitambaa. Mpaka kipupwe kilipoisha, alifungua chujio jioni na akalifungua tena alfajiri. Majirani wa Bwana Alwi walilimiwa kabla ya vuli, Famau akakodiwa pamoja na punda wake kubeba mizizi nyuma ya plau, na alilalamika kila siku kwamba moshi hauna ladha tena.

Bi Mwanamkisi hakuambiwa kitu. Kila baada ya siku chache alimpelekea Obeid chupa moja kwa ajili ya Bibi Harusi, naye Obeid aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Mwaka ule hapakuwa na mwanamke Pate mwenye nywele zinazong'aa na kunukia kama za Tima.