Ngazi Mia Moja na Kumi na Nne

Niliota usiku wa jana, na ndoto yenyewe ilianza kwa daftari langu la wageni kuniuliza kama nimeshakunywa chai. Nikalijibu bado. Siku tisa kabla ya harusi, nani ana nafasi ya kunywa chai?

Mdogo wangu Salha anaolewa Lushoto, huko juu mlimani, kwenye hoteli ambayo kuifikia lazima upande ngazi mia moja na kumi na nne. Aliipenda kwenye picha. Wageni themanini na sita wanatoka Dar, Tanga na Korogwe, na wote wako mikononi mwangu: basi, vyumba, mablanketi, nani hapatani na nani. Kazi naiweza na naipenda, sitaki kujifanya nimechoka. Wote walithibitisha isipokuwa mmoja, Shangazi Mwajabu wa Korogwe, aliyetulea mimi na Salha tangu mama alipofariki. Nilimtumia kadi kwenye simu kama wenzake. Jibu lilikuja limeandikwa na jirani yake: magoti hayamruhusu, atatuombea huko huko. Salha sikumwambia. Ameshaapa kwamba Shangazi asipokuwepo yeye haolewi, na Salha akisema neno huwa halirudi.

Basi, katika ndoto nimesimama mapokezi, kilemba kimekaa sawasawa, nafurahi kupita kiasi. Wa kwanza kufika ni Baridi. Amevaa koti refu, ana begi dogo. Nikamwambia jina lake halipo.

"Umenitaja mwenyewe kwenye tangazo," akasema. "Umeandika njooni na masweta, kuna baridi. Nikajua nimealikwa."

Daftari likasema ni kweli, ukurasa wa pili. Nikampa chumba cha pembeni, akaomba asiwekewe blanketi.

Kisha basi linashusha watu themanini na tano kwa mpigo. Nakunjua mikono, raha imenijaa kifuani, nasema kwa sauti, "Karibuni sana. Jisikieni mko nyumbani."

Wakajisikia. Mjomba Kibwana akapanda juu na kuanza kuezua paa, akitafuta panapovuja. Mama Shemdoe akatoa mbuzi kwenye mkoba, akamfunga kwenye mguu wa meza ya maua. Familia ya bwana harusi ikasogeza makochi, ikafungulia taarifa ya habari, kisha ikaniuliza mimi ni nani na nimeingiaje. Nikaomba radhi, nikatoka nje.

Nje si nje. Ni jikoni kwa Shangazi, Korogwe, na ngazi za hoteli zinaanzia pale penye mafiga. Shangazi mwenyewe anazitazama, kanga amejifunga, mkoba uko begani. Nilifurahi nusura nidondoshe daftari. Nikajua akifika juu, harusi ipo. Akirudi ndani, hakuna harusi.

"Magoti haya," akaniambia, "hayapandi hata kitanda."

Ngazi ya kwanza ikakohoa. Ni jiwe, lakini limelelewa vizuri.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo," ikajibu, ikainama. Mdogo akimwamkia mkubwa hushuka, nayo ilishuka mpaka ikawa sawa na sakafu. Shangazi akapita juu yake kama anakwenda kwa jirani kuomba chumvi. Ya pili ikaamkia, ikashuka. Ya tatu aliiuliza habari za wazazi, ikasema wako machimboni, wazima. Kila ngazi iliposhuka, hoteli nzima nayo ilishuka kidogo, na huko juu nikamsikia mbuzi akilalamika.

Mimi nakimbia pembeni na daftari langu. Hamsini. Themanini. Natokwa jasho, nacheka peke yangu, vigelegele vimenifika kooni lakini navizuia nisipoteze hesabu. Mia moja na kumi na tatu. Hoteli iko mbele yetu, na Salha amesimama mlangoni, hina mikononi.

Ngazi ya mwisho ikanyamaza.

Nikaiambia iamkie, watu wanasubiri. Ikanitazama mimi, haikumtazama Shangazi.

"Siwezi kumtangulia mwenyeji," ikasema. "Wewe umeshamwamkia?"

Nikafungua daftari. Ukurasa wa Shangazi una jina, magoti, chumba cha chini, uji usio na sukari. Salamu haimo. Tangu Idi sijatia mguu Korogwe, na ile kadi niliituma nikiwa saluni, kichwa kiko kwenye mashine. Niliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikafungua mdomo nimwamkie, ikatoka sauti ya simu.

Simu ndiyo iliyokuwa ikilia. Saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye kioo jina la Shangazi, mtu ambaye miaka yote hujua kupokea tu, kupiga hajui.

Sikumpa nafasi ya kusema. "Shikamoo, Shangazi. Nisamehe, nilipaswa kuja mwenyewe. Nakuja leo hii kukualika kwa mdomo wangu."

Akakohoa. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

"Marahaba, Hidaya. Sweta langu la kijani nimeshalitoa sandukuni. Mia moja na kumi na tatu nimeitikia mpaka koo linaniwasha," akasema. "Ilikuwa imebaki hiyo moja."